Karanga Chini ya Kiti cha Ndege

Fundi makochi hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Kazi yake ilikuwa kuyavua makochi ya watu nguo zao za zamani na kuyavalisha mpya, na mwenye kazi hiyo huona mengi. Aliwahi kukuta meno ya bandia ndani ya kochi la mwalimu mkuu. Aliwahi kukuta pete ya ndoa ambayo ilikuwa imeshagombanisha koo mbili. Siku moja alikuta nyoka amejikunja katikati ya springi, akamtoa kwa koleo, akaendelea kupiga misumari huku anapiga mluzi. Lakini siku binti yake alipomwambia kwenye simu kwamba mbwa atapanda ndege na kukaa ndani pamoja na abiria, watu waliolipa nauli na kuoga, Fundi alitafuta pa kukaa bila kuangalia, akakalia fremu ya kiti ambacho bado hakijafungwa mikanda ya kubebea mto, akazama mpaka magoti yakamfika kidevuni.

"Baba, uko?" binti aliuliza.

"Nipo," Fundi alijibu kutoka ndani ya kiti. "Hebu rudia, taratibu."

Binti akarudia. Mbwa mdogo haendi na mizigo. Anatiwa kwenye mfuko laini, mfuko unasukumwa chini ya kiti cha mbele, na mwenye mbwa anakaa nao miguuni safari nzima. Na mwenye mbwa, kwa safari hii, ni Baba. Sasa Fundi mwenyewe alikuwa hajawahi kupanda ndege hata ile ya kuchezea watoto, kwa hiyo habari zile zilimjia mbili kwa mpigo, na ilibidi jirani yake muuza rangi aje amvute mikono ili atoke kwenye ile fremu.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa marehemu mkewe. Aliitwa Karanga, kwa rangi yake na kwa udogo wake. Ukimwona kwa mbali ungedhani ni kiatu cha mtoto kimesahaulika barazani. Mkewe alimpokea kwa jirani aliyehama, na tangu siku hiyo Karanga hakumtambua mtu mwingine duniani. Fundi alitambuliwa kidogo tu, kama mpangaji anavyotambuliwa na mwenye nyumba. Mama yule alipougua, Karanga alilala miguuni pake. Alipofariki, Karanga alizunguka nyumba nzima akinusa chini ya kila mlango, halafu siku moja akahamia karakana, akapanda juu ya gunia la vitambaa chakavu vya kujazia mito, na hapo ndipo akafanya kwake. Fundi alidhani amefuata joto tu.

Binti yao alikuwa anaishi mbali, ng'ambo, na hakuweza kuja kumzika mama yake. Alikuwa na mimba ya taabu, madaktari wamemlaza na kumkataza kuinua hata kikombe. Alilia kwenye simu mpaka sauti ikamkauka, akaomba kitu kimoja tu: nguo za Mama zisiguswe mpaka aje. Hapo ndipo Fundi alipoharibu. Hakukusudia ubaya, ila lile kabati lilikuwa linamtazama. Bawaba yake ilikuwa mbovu, naye fundi mzima hakuwahi kuitengeneza, kwa hiyo kila akiamka alikuta mlango umejifungua kidogo, na ndani gauni linaning'inia kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakuvumilia. Akawaita shemeji zake, akawaambia wachukue, wakachukua zote nzuri. Zile zilizochakaa, ambazo huwezi kumpa mtu bila kumtukana, alizikatakata haraka huku ametazama dirishani, akazitupia kwenye gunia la vitambaa kama anavyotupia nguo kuukuu yoyote, akarudi kazini.

Binti aliposikia, hakugomba. Afadhali angegomba. Alinyamaza tu, na tangu hapo simu zake zikawa za kuuliza umekula, umelala, basi. Mtoto akazaliwa, Fundi akaambiwa ni wa kike na wote wazima, basi. Mpaka siku ile ya kiti kisicho na mikanda ndipo sauti yake ilipolainika tena.

"Niletee Karanga, Baba," alisema. "Cha Mama hakuna kingine kilichobaki."

Fundi alilielewa neno hilo lote, na lile ambalo halikutamkwa pia. Akimfikisha yule mbwa, huenda akarudishiwa binti yake. Akimpoteza njiani, hana kingine cha kupeleka.

Dada wa ofisi ya tiketi alimweleza masharti, na kila sharti lilikuwa na mshtuko wake. Mbwa achanjwe. Mbwa apimwe uzito pamoja na mfuko wake, kama nyama. Kubwa kuliko yote, mlango wa ndege ukishafungwa, mbwa asitoke mfukoni mpaka utakapofunguliwa. Akionekana anatembea ndani ya ndege, rubani anaarifiwa, na mkishatua tu anachukuliwa na watu wa karantini, na kumtoa kule si kazi ndogo.

Fundi alikwenda dukani kutazama mifuko ya mbwa, akaubonyeza mmoja kwa kidole gumba, akaurudisha kwenye rafu kwa huruma. Chini ulikuwa na kipande cha boksi. Akaamua kushona wake. Alichagua turubai laini la kijivu, pembeni akatia wavu wa kupitisha hewa, juu zipu ya shaba, na chini akaufanyia mto mnene ulioshonwa moja kwa moja na mfuko, ili mbwa asihisi mtetemo. Kwanza alijaza sponji. Karanga alitiwa ndani, akasimama juu ya sponji kama mtu aliyesimamishwa kwenye tope, akatoka, akarudi guniani kwake. Akatiwa tena, akatoka tena. Mwishowe Fundi alisema haya, mkubwa ameshinda, akatoa sponji na kujaza vitambaa vya kwenye gunia lile lile. Alijaza kwa mkono wa kulia huku macho yako kwenye mshono, jinsi alivyozoea. Mkono wa fundi hauhitaji kuangaliwa. Karanga aliingia mwenyewe, akajikunja, akashusha pumzi kama mzee.

Sasa hapa lazima ielezwe desturi moja ya karakana ile. Fundi alifundishwa na bwana wake kutofunga kabisa mto wowote kabla mwenye mto hajaupokea. Kwenye mshono wa pembeni huachwa nafasi, wanaiita mdomo, yenye upana wa mkono, imefichwa chini ya pindo. Mteja akija anaambiwa, "Tia mkono." Anautia mpaka ndani, anapapasa, anajua kwamba hakuwekewa nyasi wala magazeti. Akiridhika, fundi anatoa sindano iliyopinda kwenye ukosi wa shati lake na kuufunga mdomo mbele ya macho yake. Wateja wengine walikuwa na haraka, wakisema wanamwamini. Fundi alikataa. Binti yake alipokuwa mdogo, ndiye aliyekuwa anatia mkono wa kwanza, mbele ya wateja, na kutangaza kwa sauti ya hakimu kilichomo. Kwa hiyo hata mfuko wa Karanga ulibaki na mdomo wazi kwa ndani, chini ya pindo la mto. Mwenye mto alikuwa binti, na binti yuko ng'ambo. Fundi hakufikiria mara mbili. Alichoma sindano yake kwenye ukosi, uzi tayari, akaenda uwanja wa ndege.

Uwanjani walimvua viatu. Walimvua mkanda wa suruali, akabaki ameshika suruali kwa mkono mmoja na Karanga kwa mkono wa pili, kwa sababu mfuko ulitakiwa upite peke yake kwenye mashine ya kukagulia. Akavuka ule mlango usio na ukuta huku mbwa anamlamba sikio na watu wanacheka. Askari mmoja wa kike, mpole tu, aliubonyeza mto wa mfuko, akauliza kuna nini humu, akaambiwa vitambaa, akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Halafu akaona kitu kinametameta shingoni mwa yule mzee.

"Na hii, mzee wangu, unampelekea nani?"

Fundi akaeleza habari ya mdomo na desturi na bwana wake. Askari alisikiliza yote kwa heshima, kisha akaichomoa ile sindano iliyopinda kama ndoana, akaitia kwenye kopo. Fundi aliitazama inavyozama humo. Alijisikia uchi kuliko alipovuliwa mkanda.

Ndani ya ndege alikaa upande wa njia. Dirishani alikaa mama mmoja mnene mwenye miwani, anasoma gazeti la mafumbo, amejitandaza vizuri kama mtu aliyezoea. Aliutazama mfuko, akauliza kwa adabu mle chini kuna nini. Fundi akasema ni mto. Haukuwa uongo wote. Ndege ilipoanza kukimbia, Fundi alishika viti viwili kwa wakati mmoja, cha kwake na cha mama wa watu. Ilipoacha ardhi, tumbo lake lilichelewa kidogo kufuata. Hakupiga kelele, ila alisema "ala" kwa sauti ya chini, akaendelea kuisema mpaka mawinguni. Kilichomtuliza ni mguu wake wa kulia. Alikuwa ameuegemeza kwenye wavu wa mfuko, na kwa upande wa pili Karanga aliuegemea, joto tupu. Wakasafiri hivyo, mguu na ubavu.

Chakula kikaja, kikaondoka. Fundi alisinzia kidogo. Alipozinduka, mguu wake ulikuwa umepoa.

Akausogeza. Hakuna kitu. Akausukuma wavu kwa kidole cha mguu, ukabonyea mpaka ndani. Akainama, shavu likagusa kiti cha mbele, akachungulia. Alizoea kukuta macho mawili pale kwenye wavu yakimwangalia kama ya afisa. Hakukuta. Akafungua zipu kidogo, akaingiza mkono, akapapasa kona hadi kona. Turubai, wavu, mto. Mbwa hakuna.

Alikaa wima, akatazama mbele kama mtu aliyepigwa picha. Zipu ilikuwa imefungwa. Aliifunga mwenyewe, akaijaribu mwenyewe, na mpaka anainama ilikuwa imefungwa. Karanga si moshi. Mbwa anatokaje kwenye mfuko uliofungwa, mbinguni, mlango umebanwa, tena bila hata kuaga? Akafikiria kumwita mhudumu, akakumbuka karantini. Akafikiria kunyamaza, akaona kigari cha vinywaji kinarudi na magurudumu yake ya chuma, na mbwa wa ukubwa wa kiatu yuko mahali fulani kwenye zulia lile. Alimwona binti yake amesimama anasubiri, na yeye anatokea na mfuko mtupu.

"Mzee, umepoteza nini?" mama wa dirishani aliuliza, bila kuinua macho kwenye mafumbo yake.

Neno likamtoka lenyewe. "Mbwa."

Yule mama aliinua mguu mmoja, akauweka juu ya kiti. Akainua wa pili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, akasema ule mto ulikuwa na mkia basi, akabonyeza kengele.

Mhudumu alikuja na tabasamu lake, akainama kusikiliza, na tabasamu likaondoka kama limepanguswa. Alikuwa binti wa umri wa binti yake, nywele zimebanwa hata nyusi zimevutika. Akauliza kama ana hakika. Akachungulia kwenye wavu, naye akashika mdomo. Alimweleza Fundi kwa upole kwamba hana la kufanya, lazima amwambie rubani, na chini watakuja kumpokea. Fundi alimsihi atafute kwanza. Alimwomba kwa jina la mama aliyemzaa, popote alipo. Yule binti alitazama mbele, akatazama nyuma, akatoa tochi.

Basi habari ikaenda kiti kwa kiti, na mstari baada ya mstari watu wakainua miguu, kama nyumbani ufagio unapopita. Bwana mmoja mwenye tai aliapa kwamba kuna kitu kimemlamba kifundo cha mguu. Ilikuwa kamba ya kiatu chake. Mtoto mmoja aliita "paka, paka", akakatazwa kuongeza wanyama. Mhudumu alitambaa na sare yake safi, Fundi akatambaa upande wa pili na suruali isiyo na mkanda, kwa maana ule mkanda hakuwahi kuurudisha vizuri, na wote wawili walikutana kule nyuma kwenye mlango wa choo, wakatazamana wakiwa wamepiga magoti. Hakuna mbwa. Fundi aliinuka kwa kushika ukuta.

Mhudumu alirudi naye mpaka kwenye kiti. Alisema sasa anakwenda kwa rubani, na atahitaji kuuchukua ule mfuko aonyeshe. Akaushika mpini, akauvuta, akasimama. Akaushusha. Akauinua tena.

"Mzee," alisema polepole, "mfuko mtupu hauna uzito huu."

Fundi alimtazama. Akautazama mfuko. Halafu akajishika kichwa kwa mikono miwili, maana hapo ndipo akili ilipomrudia. Ule mdomo. Aliuchukua mfuko, akaupakata, akatafuta pindo kwa vidole, akatia mkono wake mwenyewe mahali ambapo wateja wake wote hutia wao. Ndani kulikuwa na joto. Akagusa manyoya. Manyoya yakapumua. Ulimi mdogo ukamlamba kiganja, bila haraka, kama mtu aliyeamshwa kwa jambo lisilo na maana. Karanga alikuwa amepenya kwenye mdomo wa mto, akavisukuma vitambaa pembeni, akajizika katikati yake.

"Hajatoka," Fundi alisema. "Yumo. Hajatoka hata kidogo."

Mhudumu akatia mkono naye, akahakikisha, akacheka mara moja tu kisha akajizuia, akaweka uso wa kazi. Kama mbwa hakutoka mfukoni, alisema, basi hakuna lililotokea, na rubani anaweza kuendelea kuendesha ndege. Miguu ikashuka mstari kwa mstari. Mama wa dirishani ndiye aliyeshusha yake mwisho.

"Lakini huko ndani alifuata nini?" aliuliza.

Fundi alitaka kumjibu kwamba joto tu. Alikuwa bado na mkono mle ndani, akiutoa, na kati ya vidole kikatoka kitambaa kilichokuwa chini ya pua ya Karanga, kimelowa mate. Sufu ya kijani. Kipande cha mkono wa sweta, na kwenye kiwiko kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa kahawia, ule mnene wa makochi, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona nguo. Mishono yake mwenyewe. Mkewe alimcheka sana kwa kiraka kile, akakivaa kila siku ya baridi mpaka sweta likaisha.

Alikitazama kana kwamba kimetoka kwa mtu mwingine. Aliona gunia, aliona mkono wake ukijaza na macho yake yakiwa kwenye mshono. Mbwa alijua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana akahamia karakana, na yeye mwenye nyumba akampita pale kila asubuhi akisema amependa joto. Akakirudisha kitambaa mle ndani, chini ya pua ya Karanga. Mama wa dirishani alimpa tishu, akarudi kwenye mafumbo yake, na kwa muda mrefu hakuandika neno.

Binti alikuwa nje ya kizuizi, mtoto kifuani, uso umepungua. Alimpa baba yake shikamoo, Fundi akaitikia marahaba, mwanangu, na hapo maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkimbia. Akamtazama mjukuu, akamgusa kidole, akatoa mfuko. Wakakaa kwenye benchi. Binti alifungua zipu kwa pupa, akaingiza macho, na Fundi akaona kwenye uso wake kitu kile kile alichokipata yeye angani.

"Baba," alisema. "Yuko wapi?"

"Tia mkono," Fundi alisema.

Binti hakuwa amesikia maneno yale tangu utoto. Hakutafuta, vidole vyake vilikwenda vyenyewe chini ya pindo, vikaukuta mdomo. Kwanza alilambwa, akacheka, cheko lile la zamani. Halafu mkono ukaendelea ndani, ukasimama. Fundi aliona jinsi anavyosaga kitambaa kati ya vidole viwili, kama alivyomfundisha. Akahamia kingine. Cheko likamwisha usoni. Akafumba macho.

"Hili ni sweta lile la kijani."

"Ndilo."

"Na hiki? Hiki ni cha kitambaa chake cha kichwa?"

"Huenda. Sikuangalia, mwanangu. Nilijaza tu. Sikuangalia chochote."

Binti alitoa mkono, akaunusa. Kisha akaurudisha ndani tena, mpaka kiwiko, jambo ambalo mteja hata mmoja hakuwahi kulifanya, akaegemeza kichwa kwenye bega la baba yake na mkono ukiwa bado mle. Mtoto alikuwa katikati yao, amelala. Watu walipita na masanduku yao.

Baada ya muda Fundi alijikuta anapapasa ukosi wa shati, kwa mazoea. Akakumbuka. Akaanza kueleza kwamba sindano aliporwa na askari, mpole kwa kweli, lakini atatafuta nyingine hapahapa mjini, hata ya kawaida, na mto utafungwa leo hii kabla hawajala.

"Usiufunge, Baba," binti alisema.

Maisha yake yote Fundi hakuwahi kukabidhi kazi ikiwa mdomo wazi, akashangaa kwamba mkono wake ulishaacha kutafuta. Karanga alitoa pua nje ya pindo, akainusa hewa ya ugeni, akamnusa mtoto, akaona wakubwa bado wana mambo yao. Akarudi ndani.